Ubao wa Alama Uliwafukuza Vijana Wangu

Nilipoanza kufundisha upinde hapa Malindi, nilikuwa na vijana kumi na wanne. Kila Jumamosi niliwapanga ubaoni, wa kwanza hadi wa mwisho, nikidhani aibu ingewatia bidii. Miezi mitatu baadaye walibaki watano.

Aliyenishtua ni msichana aliyekuwa akiongoza. Siku moja upepo wa kusi ulimsukumia mishale kulia, akashuka hadi nafasi ya nne. Hakurudi. Nilipokutana naye sokoni akaniambia, "Mwalimu, siku hizi nikivuta upote, kamba ya upinde, nauona ubao tu. Shabaha siioni."

Mchezo huu haumhurumii anayehesabu alama. Katika Olimpiki mlengaji husimama mita 70 kutoka kwenye shabaha, na duara la kati, lenye alama kumi, lina upana wa sentimita 12.2, dogo kuliko kisahani cha chai. Anayeanza atakosa, tena sana. Ukimpimia moyo kwa alama, utamaliza moyo wenyewe. Hadithi za mashujaa nazo nilijaribu: niliwasimulia mlengaji wetu wa upinde Shehzana Anwar alivyobeba bendera ya Kenya kule Rio mwaka 2016. Wakasisimka wiki mbili hivi, basi.

Kilichosaidia ni kidogo mno, hata naona haya kukiandika. Kwanza, gunia. Tulishindilia nguo chakavu, tukaliweka hatua chache mbele, bila karatasi ya shabaha. Hapo hakuna cha kukosa. Kijana anasikiliza mgongo wake unavyovuta na vidole vinavyoachia. Aliyeingiwa na hofu ya shabaha, yule ambaye mshale humtoka kabla hajatulia, mimi humrudisha hapohapo kwenye gunia.

Pili, niliacha kusema "hongera" tupu. Sasa nasema, "Leo bega halikupanda." Au nauliza, "Huo umeuonaje?" kisha nanyamaza, jambo gumu kwangu kuliko kulenga. Idadi ya mishale ya siku wanapanga wenyewe, na ajabu ni kwamba hupanga mingi kuliko niliyokuwa nikiwalazimisha. Ukali nimeuweka kwenye jambo moja tu: hakuna anayevuka mstari wenzake wakiwa wamevuta.

Yule msichana alirudi baada ya Idi, kwa sharti kwamba jina lake lisiandikwe popote. Ubao tumeulaza juu ya mawe mawili chini ya mwembe, ndio benchi letu la kunywea maji.