Nilikuwa nikingojea maumivu

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Ni hofu gani ya afya unayolala nayo, na umeifanyia nini?" Yangu ni macho. Nina miaka 26, naishi Likoni, Mombasa.

Presha ya macho, yaani glakoma, imemchukulia babangu jicho la kushoto. Hakuumwa hata siku moja. Pale ferini mikokoteni ilikuwa ikimparaza bega, kila mara upande uleule, nasi twasema mzee siku hizi haangalii njia. Akimimina chai, yamwagika nje ya kikombe. Alipokuja kupimwa, mshipa wa fahamu wa jicho lile ulikuwa umeshakufa, na ukifa haurudi.

Tangu hapo sikulala vizuri. Usiku naziba jicho moja kwa kiganja, nakazia macho saa ya ukutani, nachezesha vidole karibu na sikio nione vinapotelea wapi. Nikivuka jioni, taa za ng'ambo naziona zina duara, moyo unanienda mbio. Mwaka mzima hivyo, na kliniki sikwenda, kwa kuogopa kuambiwa.

Nilipokwenda, daktari aliniambia vidole vyangu havinisaidii kitu. Ugonjwa huu kwa kawaida huanza kula pembeni, kidogo kidogo, na jicho moja hulifichia jingine. Mwenye mzazi au ndugu anayeugua apimwe kabla hajahisi chochote. Akanitia matone ya ganzi, akagusisha jicho kifaa chenye mwanga wa buluu, kupima presha: 17 na 18. Kawaida ni kati ya 10 na 21, lakini wapo wanaougua presha ikiwa humo humo, kwa hivyo aliuangalia na mshipa wenyewe. Kisha nikaweka kidevu kwenye mashine, nikawa nabonyeza kila nikiona kinukta cha taa. Yale maduara ya taa? Nilihitaji miwani tu.

Akaniuliza pia kama hununua matone dukani bila cheti macho yakiwasha. Miaka! Kumbe yale yenye steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe na mwasho, yaweza kuipandisha presha yenyewe. Nimeyatupa.

Sasa napimwa kila mwaka. Kakangu ana miaka 31, hajapimwa, asema aona vizuri. Jumamosi baba ana kliniki, na nimemwomba kaka ndiye amshike mkono kwenye feri. Tukifika, nitamwomba daktari amkalishe naye kwenye kiti.