Mnaokwenda mashuleni na PHQ, msikimbilie alfa

Wiki iliyopita vijana wawili walirudi kutoka Tandahimba na maboksi mawili ya madodoso ya PHQ-9, yale maswali tisa ya kupima sonona (ugonjwa wa huzuni nzito), vumbi mpaka kwenye kope, furaha kama wameuza korosho daraja la kwanza. "Shikamoo kaka. Alfa imetoka 0.86. Dodoso limepita." Nikawauliza limepita wapi. Wakadhani natania.

Sentensi hiyo naisikia kwa mara ya nne au ya tano sasa. Mimi mwenyewe niliwahi kuisema, mbele ya watu, nikiwa na koti la kuazima. Kwa hiyo kaeni hapa, wadogo zangu.

1. Alfa ni namba ya takwimu, inakuambia kwamba maswali yanaelewana yenyewe kwa yenyewe, basi. Watoto 400 wakilielewa jambo vibaya kwa namna moja, alfa itapanda na wewe utashangilia. Jioni ile nilimwita binti wa jirani, kidato cha pili, nikamwomba asome dodoso la wale vijana kwa sauti na kunieleza kila anachokiwaza. Akafika kwenye majibu, yenye alama 0 mpaka 3: hapana kabisa, siku kadhaa, zaidi ya nusu ya siku, karibu kila siku. "Zaidi ya nusu ya siku ni kama kuanzia asubuhi mpaka saa tisa hivi," akasema. Amekosea nini? Kwetu siku moja ni siku na siku mia ni siku. Waliotunga PHQ-9 walimaanisha zaidi ya siku saba kati ya zile kumi na nne zilizopita ambazo dodoso linaziuliza, mtoto amekupa saa, na wewe umemwandikia alama 2. Tafsiri ilikuwa imerudishwa Kiingereza ikarudi salama salimini, maana aliyeirudisha alishajua inatakiwa kusema nini.

Kaa na watoto kumi au kumi na tano namna hiyo kabla ya kupeleka karatasi steshenari. Soda na maandazi vinatosha.

2. Tazama kalenda. PHQ-9 ilichapishwa 2001, imejaribiwa kwa watu wazima kwenye kliniki za Marekani, na huko hakuna mtu anayeamka alfajiri kuokota korosho kabla ya kwenda shule. Oktoba mtoto wa Newala amechoka kwa sababu amechoka. Nilishaona timu nzima imejaza madodoso katikati ya Ramadhani, halafu wanashangaa nusu ya darasa "wana sonona". Usingizi, uchovu, hamu ya chakula: maswali hayo matatu pekee yanaweza kumpa mtoto alama 9, na mpaka wa kuhesabiwa ana sonona kwa kawaida ni 10. Mtoto ameamka kula daku, ameshinda na njaa, mchana anasinzia. Alama moja tu imebaki, na mtihani wa hesabu ni kesho.

(Na hilo neno sonona, waulizeni wanafunzi kwanza kama wanalijua. "Msongo wa mawazo" nao siku hizi ni wa kila kitu. Ruangwa kijana mmoja aliniambia anao tangu Namungo wafungwe.)

3. Swali la tisa, lile la kuwaza kwamba ni heri ufe au kujiumiza. Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Mwaka wangu wa kwanza wa kazi hii tulikwenda shule moja ya bweni, wilaya siitaji. Tulijaza madodoso siku ya Jumanne, darasa kwa darasa. Nilijivunia usiri wangu: hakuna jina, namba tu, na orodha ya kuunganisha namba na majina imefungiwa Mtwara mjini kwa mkuu wetu. Nikawaambia watoto kwa sauti ya kitaalamu, "Majibu yenu tutayasoma sisi tu." Kisha nikafunga boksi kwa selotepu, likapanda basi, tukaenda shule nyingine, na nyingine. Boksi lilikaa chini ya kitanda cha gesti siku kumi na moja. Nililala juu yake.

Siku ya kuingiza data, Jumamosi, nikakuta wawili wa shule ile wameweka alama kwenye "karibu kila siku" katika swali la tisa. Nikapiga simu kwa mwenye orodha. Alikuwa msibani kijijini, hapatikani. Tulimpata Jumapili jioni. Jumatatu alfajiri tukawa kwenye basi, hakuna anayezungumza.

Wa kwanza, mvulana, alitushangaa. Ustadhi wa madrasa amewafundisha kukumbuka mauti kila siku, swali limeuliza kama anawaza kufa, naye si muongo. Jumla yake yote ilikuwa alama 4. Tulicheka naye, kile kicheko cha watu walionusurika ajali.

Wa pili, msichana wa kidato cha tatu, hakuwapo darasani. Matroni akaenda bwenini kumtazama. Sijui zilikuwa dakika ngapi. Nilihesabu matofali ya ukuta wa ofisi, nikapoteza hesabu, nikaanza tena. Akaja, kanga mabegani, akaketi. Nikaanza hotuba yangu ya pole. Akanikatiza kwa adabu: "Nilijua mtakuja Jumatano. Si mlisema mtasoma?"

Jumatano. Alikuwa amenisubiri tangu siku ya pili yake. Jambo ambalo hajamwambia mama wala rafiki alikuwa ameiambia karatasi yangu, na karatasi ikapanda basi.

Alipelekwa kwa muuguzi wa afya ya akili, shangazi yake akaja, alimaliza kidato cha nne. Hayo nayajua kwa sababu niliuliza mwenyewe, utafiti haukuwa na mpango wowote wa kumfuatilia. Kwenye ripoti niliandika: "Washiriki waliohitaji msaada walipewa rufaa." Si uongo. Naichukia sentensi hiyo mpaka leo.

Kwa hiyo: swali la tisa linasomwa kabla hamjatoka getini. Atakayempokea mtoto awe anajulikana kwa jina kabla dodoso la kwanza halijagawiwa. Mtoto aambiwe mapema kwamba akiandika jambo hilo mtalazimika kumshirikisha mtu mzima. Na swali lenyewe limebeba mambo mawili kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo muulizeni tena kwa mdomo, taratibu, mahali ambapo wenzake hawaoni.

4. Mwalimu wa nidhamu atoke darasani. Na fimbo yake.

5. Anayefanya mahojiano ya kitabibu, yale ya kupima kama dodoso linasema kweli, asijue alama za mtoto, ahoji na waliopata alama ndogo, na afanye hivyo ndani ya siku chache. Ukihoji waliovuka mpaka peke yao, sensitiviti yako (uwezo wa dodoso kunasa wenye tatizo) itapendeza kama picha ya harusi.

6. Kabla ya kumwahidi mkurugenzi wa halmashauri kwamba mtapima shule zote, chukua kalamu. Tuseme wanafunzi 1,000, wenye tatizo kweli ni 100, sensitiviti asilimia 80, spesifisiti (uwezo wa kuwaacha wasio na tatizo) asilimia 80. Utanasa 80 kati ya wale 100. Katika 900 waliobaki utawanasa 180 wasio na tatizo. Una foleni ya watoto 260, chini ya theluthi ndiyo wanaostahili kuwa pale. Sasa niambie muuguzi huyo mmoja atawaona lini, na yule msichana wa Jumatano atakuwa wa ngapi kwenye foleni.

Wale wawili wa Tandahimba walinisikiliza hadi mwisho, chai ikapoa. Mdogo akauliza, "Kaka, orodha ya majina tunayo. Tuanzie wapi?" Nikawaambia wafungue maboksi hapo hapo kwenye mkeka, laptopu ibaki kwenye begi, tuanze na swali la tisa. Ilikuwa saa mbili usiku. Saa nne tulimpigia matroni wa kwanza.