Re: Anayetafiti pumu anatafuta nini kwenye minyoo?
Mkuu swali lako la kwa nini mtafiti wa pumu ahangaike na minyoo, iko hivi, kinga ya mwili inatumia silaha zilezile kote kuwili, yaani IgE (kingamwili ya mzio), eosinofili (aina ya seli nyeupe za damu), na IL-4, IL-5 na IL-13 (protini ambazo seli za kinga hupeana ishara), ila kwenye minyoo zinasaidia kuifukuza, kwenye pumu zinashambulia vumbi au chavua tu, njia ya hewa inavimba na kujaa ute. Utamu uko hapa sasa, minyoo ikikaa muda mrefu inaituliza kinga kwa kuamsha seli T dhibiti (seli zinazozuia kinga isizidi) na IL-10 (protini ya ishara inayopoza kinga) ili yenyewe isitolewe. Hapo ndo kijana anayeanza utafiti achimbe, inafanyaje? Ila usikimbilie kumeza minyoo ili kutibu pumu aisee 😂 askaris (minyoo mviringo ya tumboni) imehusishwa na pumu kuongezeka.