Anza na mnunuzi, cheti kifuate

Ndugu yangu, umeuliza kama kuuza bidhaa za halali nje kunainua kweli uchumi wa nchi, na kama wewe mwenye kiwanda kidogo cha biskuti uanze na cheti au na mnunuzi.

La kwanza ni jepesi. Brazili, nchi yenye Waislamu wachache mno, ndiyo muuzaji mkubwa wa kuku wa halali duniani. Fedha za kigeni zinaingia, sawa, lakini mimi faida naiona zaidi nyuma ya huyo kuku: mkulima wa mahindi na soya, dereva wa lori la baridi, mchinjaji, mkaguzi. Nchi inayouza mnyama akiwa hai inawagawia wenzake kazi hizo bure.

La pili: mnunuzi kwanza. Hakuna cheti kimoja kinachokubalika dunia nzima. Malaysia inatambua taasisi za kutoa vyeti zilizoidhinishwa na JAKIM, idara yake ya serikali ya mambo ya Kiislamu. Indonesia ina BPJPH, wakala wake wa serikali wa kusimamia vyeti vya halali, na sheria yake ya bidhaa za halali ya mwaka 2014. Ukilipia cheti kisichotambulika unakouza, umenunua pambo la ukutani.

Halafu pitia viambato vyako kimoja kimoja. Unga na sukari mara nyingi havina tabu. Balaa huwa kwenye vitu vidogo. Jelatini ni ya mnyama gani? E471, kile kiambato cha kuchanganya mafuta na maji, imetoka kwenye mimea au mafuta ya mnyama? Ladha ya vanila imeyeyushwa kwa alkoholi? Mdai msambazaji majibu ya maandishi kabla mkaguzi hajabisha hodi. Na mashine iliyowahi kupitisha mafuta ya nguruwe haitoshi kupanguswa kwa kitambaa.