Msanifu Anajibu: Maji yapewe kazi kabla ya kupewa urembo

Barua za mwezi huu zimefuatana katika jambo moja: vituo vya Kiislamu vyenye msikiti, madrasa, maktaba na ukumbi, na katikati yake bustani na maji. Nimechagua nne, nikazifupisha.

Assalaamu alaykum mama msanifu. Tumepata kiwanja cha wakfu, ekari mbili na nusu. Mchoraji ametuletea picha nzuri sana: lango, chemchemi kubwa inayorusha maji juu, kuba na minara miwili. Wafadhili wameipenda. Kabla hatujasaini, tumuulize nini?
*Katibu wa kamati ya ujenzi*

Wa alaykumu salaam, ndugu katibu. Muulizeni swali moja kwanza: maji ya hiyo chemchemi yanatoka wapi, na yakishatoka hapo yanakwenda wapi? Akiwaonyesha kwa kidole juu ya ramani, kutoka paa hadi birika, birika hadi mabomba ya udhu, udhu hadi mizizi ya miti, basi mmepata mtu. Akiwajibu kwamba hayo atayajua fundi bomba, msisaini.

Nayapenda maji ya bustani kuliko kitu chochote katika kazi hii, na ndiyo sababu nasisitiza. Angalieni Alhambra, ngome na kasri la wafalme Waislamu kule Granada, Hispania. Watu humiminika kuona wale simba kumi na wawili wa mawe na mifereji minne inayokutana miguuni pao. Lakini kabla ya simba palikuwa na mfereji mkuu, uliochukua maji ya mto Darro umbali wa kilomita sita hivi juu ya bonde, ukayaleta kwa mteremko mtupu bila pampu yoyote. Maji hayo yalinywesha watu, yakaogesha, yakamwagilia mashamba ya mboga na matunda, na katika safari hiyo hiyo yakaimba uani. Sinan naye, msanifu mkuu wa dola ya Osmani, aliyejenga msikiti wa Süleymaniye mjini Istanbul kati ya 1550 na 1557, pamoja na madrasa, hospitali, hamamu (bafu la umma) na jiko la kulisha maskini, ndiye pia aliyesimamia kazi kubwa ya kuleta maji katika mji huo. Kwake mambo hayo mawili hayakuwa taaluma mbili.

Cairo wamefanya jambo kama hilo katika zama zetu. Bustani ya Al-Azhar, iliyofunguliwa 2005, ina hekta 30 na imekaa juu ya kilima cha taka za karne nyingi. Ndani ya kilima hicho yamefukiwa matangi matatu makubwa ya maji ya mji. Familia zinapumzika juu ya nyasi, na chini yao ndiyo akiba ya maji ya kunywa.

Swali la pili: kibla. Ni nadra barabara kukubaliana nacho, na hapo ndipo picha nyingi nzuri huharibika. Mchoraji hulinganisha jengo na barabara ili lango lipendeze, halafu safu ndani zinakatwa mshazari kwa utepe juu ya zulia, na kila pembe inabaki kipande cha pembetatu kisichosaliwa. Isfahan, Iran, walipoanza msikiti wa uwanja mkuu mwaka 1611 walikuwa na tatizo hilo hilo. Lango wakaliacha litazame uwanja, kisha njia ya kuingilia wakaikunja, na msikiti wote nyuma yake ukageukia Makka. Mwenye kuingia anapinda hatua chache tu, na katika kupinda kule anaiacha kelele ya soko mgongoni. Ninyi mnayo bustani: acheni iwe ndiyo mkunjo wenu. Majengo ya barabarani, yaani ukumbi na maktaba, yafuate barabara, msikiti ufuate kibla, na ile nafasi ya kabari inayobaki kati yao ipandwe miti na ipitishwe maji. Hapo bustani itakuwa na sababu ya kuwepo, na itatenganisha sauti ya mhadhara na sauti ya sala.

Kuhusu ukubwa, mpangieni kila mwenye kusali kama sentimita 60 kwa 120, kisha ongezeni njia, na ukumbi wa sala uwe mpana kuliko ulivyo mrefu, ili safu ya kwanza ichukue watu wengi. Nguzo zisimame kwenye mstari kati ya safu na safu, zisiikate safu katikati. Minara na kuba zungumzeni mwishoni.

Sasa chemchemi yenyewe. Niliwahi kuitwa kukagua kituo kimoja, sitakitaja, kilichojengwa kwa fedha nyingi. Mbele palikuwa na hodhi la marumaru, kavu, lina majani makavu na kandambili moja. Pampu iliungua na hapakuwa na fungu la kununua nyingine, kwa sababu michango yote ilihesabiwa hadi siku ya ufunguzi tu. Wazee wetu walipoweka wakfu waliambatanisha na kitu cha kuuendesha: maduka, mashamba, nyumba za kupanga. Basi kabla ya kusaini andikeni mapato gani yatalipa umeme wa pampu, mtunza bustani, na usafi wa birika mwaka hadi mwaka. Kama hamjui, punguzeni chemchemi sasa, ikiwa bado ni wino.

Mama, mimi ni imamu. Vijana wanataka maji ya udhu yamwagilie bustani. Wazee wanasema hayo ni maji machafu, na wengine wanasema ni najisi. Lipi sahihi?
*Imamu*

Sheikh, hukumu ni yenu wanazuoni, mimi nitasema upande wa mabomba. Ninavyofundishwa katika madhehebu ya Shafi, maji machache yaliyokwisha kutumika kwa udhu wa faradhi ni twahara, ila hayatwaharishi tena. Hilo linatosheleza kazi yangu: hatuyarudishi birikani, tunayapeleka mtini. Na mti ukizaa, ndege akila, mtu akila, ni sadaka kwa aliyeupanda, kwa hadithi iliyo kwa Bukhari na Muslim.

Udhu hauhitaji sabuni, kwa hiyo maji yake ni mepesi kuliko ya bafuni au jikoni. Wekeni masinki ya sabuni mbali, na maji ya vyoo yawe na mfumo wake kabisa, mabomba yasikutane popote. Kisha yapite hivi: kichujio cha kunasa nywele na nyuzi, shimo dogo la kutuliza mchanga, kitanda cha kokoto na mchanga kilichooteshwa matete, halafu mabomba ya matone yaliyofunikwa na majani makavu chini ya miti. Yasilale ndani ya tangi zaidi ya siku moja, yatanuka na wazee watashinda hoja. Yasirushwe hewani, wala yasimwagiliwe mboga za kuliwa mbichi.

Nami nawaomba mkae kwa makini juu ya mahali penyewe pa kutawadhia, kwa kuwa hapa ndipo mtu hukutana na maji ya kituo chenu mara tano kwa siku, na mara nyingi ndipo pabaya kuliko pote. Mzee wa magoti mabovu anafika. Je, ana kiti cha kukalia, cha urefu wa sentimita 45 hivi, au anasimama kwa mguu mmoja akiushika ukuta ulioloa? Mtaro wa miguu uwe mbele yake, na sakafu iinamie mtaroni, sentimita mbili kwa kila mita, maji yasimrudie. Kati ya bomba na bomba pawe na sentimita 80, kiwiko chake kisimpige jirani. Pawe na ndoano ya kanzu, na rafu ya miwani na saa. Akimaliza, njia yake ya kwenda msikitini isipite tena kwenye vyoo wala mahali pa viatu. Mpaka wa viatu uonekane kwa macho: badilisheni jiwe, inueni sakafu kidogo. Na vyoo, tafadhali, vichorwe vikae ubavu na kibla, si kukielekea wala kukipa mgongo. Ni jambo la penseli dakika moja, likijengwa linakuwa nyundo na ugomvi.

Bomba lililoachwa wazi linatoa lita sita na zaidi kwa dakika. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akitawadha kwa mudi moja, kipimo kisichofika lita moja. Wekeni mabomba ya kubonyeza yanayojifunga yenyewe. Tuseme watu 300 wa Ijumaa wakitumia lita tatu kila mmoja, hizo ni lita 900 za kwenda bustanini siku hiyo moja, maji ambayo leo yanapotea shimoni.

Shikamoo mama. Watoto wangu wanasoma madrasa, na kituo kinataka kuchimba bwawa uani. Naogopa mbu, naogopa mtoto kutumbukia. Nikisema, naambiwa napinga maendeleo.
*Mzazi*

Marahaba mwanangu. Hupingi lolote, na woga wako unapaswa kuingia kwenye ramani.

Mtoto mdogo anaweza kuzama katika maji ya sentimita chache, kwa hiyo usikubali kuambiwa tu kwamba hakuna kina. Bwawa likae mbali na mlango wa darasa la wadogo, lizungukwe na ukingo wa kukalia na vichaka vifupi, na mwenye kuketi barazani alione lote. Upande wa watoto wapewe mfereji mwembamba unaotiririka juu ya jiwe, upana wa kiganja, wachovye vidole. Lakini hata bwawa la wakubwa halihitaji kuchimbwa sana. Sentimita 15 za maji tulivu juu ya jiwe jeusi zinaakisi mnara na mbingu kama kina cha mita mbili, maana jicho halioni chini. Waambie wajenge hilo, saruji itapungua, na maji pia.

Kisha waulize juu ya maji yanayopaa. Bwawa la mita 10 kwa 10 likishuka milimita sita siku ya jua kali na upepo, zimeondoka lita 600, na kesho tena. Ndiyo maana bustani za kale za nchi kavu zilipenda mifereji myembamba chini ya kivuli.

Mbu: penye joto, yai huwa mbu anayeruka kwa wiki moja hadi siku kumi. Maji yatembee, yawe na samaki wanaokula viluwiluwi vya mbu, au yamwagwe na kukaushwa kila wiki. Halafu, na hili ndilo wanalosahau, uwapeleke wakakague yasiyoonekana: shimo la pampu, sahani chini ya vyungu, mifereji ya paa iliyoziba, bomba la kufurikia la tangi lisilo na wavu. Bwawa lenye samaki huwa linalaumiwa huku mbu wakizaliwa juu ya paa.

Mama msanifu, ninasomea usanifu mwaka wa tatu. Mradi wangu ni kituo kama hivi. Je, ni lazima bustani igawanywe nne? Na wanawake niwaweke wapi?
*Mwanafunzi*

Si lazima, binti yangu. Waajemi walikuwa na bustani za mifereji iliyonyooka kabla ya Uislamu, na Waislamu wakaiona ndani yake mito ya Peponi iliyotajwa katika Surat Muhammad, aya ya 15. Ni umbo zuri kwa ardhi tambarare. Penye mteremko fuata mteremko, kama bustani ya Shalimar ya Lahore, Pakistan, ya 1641 na 1642, iliyoshuka kwa ngazi tatu, maji yakiteremka juu ya mabamba ya mawe yaliyochongwa ili yatetemeke na kumeta. Cordoba, Hispania, uani pa msikiti wa kale, michungwa imesimama kwa mistari na kupitishiwa vijifereji. Na msikiti wa Cambridge, Uingereza, uliofunguliwa 2019, una bustani mbele yenye chemchemi ndogo, na maji ya mvua ya paa lake hutumika vyooni na kumwagilia. Chora mistari ya mvua juu ya ramani yako kabla hujachora njia hata moja. Miti yenye mizizi mikali iwe mbali na birika. Mkomamanga una adabu ya kutosha kwa ua mdogo, kama hali ya hewa yako inaukubali.

Kuhusu wanawake, usiwaweke, wapangie tangu mstari wa kwanza. Chukua ramani, umpitishe mama mmoja kutoka getini: ana mtoto ubavuni, mkoba, na adhana imeshaanza. Anapita bustanini au kando ya ukuta wa nyuma? Mahali pake pa udhu pana kiti, pana sehemu ya kumlaza mtoto? Akisali anamsikia imamu kwa sikio au kwa kipaza sauti kibovu? Baada ya sala, ana kivuli cha kukaa karibu na maji? Ukikuta njia yake inazunguka nyuma ya vyoo, futa, uanze tena kuanzia getini.