Kaka, nyufa zangu zimekuwa wavu wa goli

Juzi kijana mmoja kaniandikia: "Kaka, nyufa zangu zinatoka kama wavu wa goli, nifanyeje?" Nilicheka, kisha nikanyamaza. Maneno hayohayo niliambiwa mimi mbele ya darasa zima, na msimamizi wangu hakuwa anatania.

Kazi yangu ilikuwa kuiga kwa kompyuta tope linalokauka, kama lile la majarubani baada ya mavuno. Kwa njia ya elementi finiti, uso wa tope unaukata pembetatu elfu kadhaa, kisha kila moja unaikokotolea mkazo, yaani inavutwa kiasi gani. Juu panataka kusinyaa, chini pameshikilia. Mkazo ukizidi uimara wa tope kwenye kona fulani, hapo panapasuka, na ufa unakwenda kukingama na upande unaovutwa zaidi. Hayo yote niliyajua, mtihani wake nilifaulu. Nyufa zikatoka miraba mitupu!

Miezi minne nikailaumu programu, nikailaumu laptopu niliyonunua kwa bumu, nikalaumu umeme. (Umeme ulistahili.) Kumbe pembetatu nilizipanga kama vigae vya bafuni, na ufa wangu ulikuwa unafuata kingo za pembetatu. Ungepita wapi kwingine? Tena tope lote nililipa uimara uleule, likapasuka kote kwa mpigo.

Vuruga pembetatu zako, mdogo wangu. Yumbisha uimara kidogo toka kona hadi kona. Halafu pasua sehemu moja tu, iliyozidiwa kuliko zote, ukokotoe mkazo upya kabla ya kugusa nyingine. Usiruke hapo, nasema tena, usiruke. Ufa ukifunguka hulegeza mvuto unaoukata, unabaki ule ulio sambamba nao, ndiyo maana ufa mpya ukiufikia wa zamani hukutana nao karibu na nyuzi 90. Toka nje utazame tope lililokauka.

Watafiti Hayley Iben na James O'Brien wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walishayaandika mambo haya mwaka 2006. Makala yao niliipakua siku ya kwanza, nikatazama picha. Ndivyo tulivyo vijana: tunataka kuonyesha kabla hatujasoma, na methali ya ufa na ukuta tunaijua wote.

Picha mpya nilimpelekea msimamizi. Akajibu, "Sawa." Mwaka wa pili huu, hiyo sawa bado ninayo kooni.

Wewe usinitumie picha ya nyufa. Nitumie ya pembetatu, kabla hazijapasuka.