Maswali na majibu: Boga, bitiruti na maharage ndani ya keki ya kakao

Keki yangu ya bitiruti pembeni imeiva, katikati tope. Nilitia kikombe kimoja na nusu cha bitiruti ya kusaga, nikaoka dakika 40.

Kikombe cha nini? Cha bitiruti mbichi iliyosagwa na maji, au iliyochemshwa ikakaushwa? Kila wiki ni vikombe tu, mizani hamna. Bitiruti yenyewe ni maji karibu asilimia 87, na mkiona blenda imekwama mnaongeza mengine. Unga hauwezi kuyanywa yote.

Chemsha bitiruti na maganda yake, mkia usikatwe, mpaka kisu kipenye. Menya, saga bila maji, kisha rudisha rojo kwenye sufuria, moto mdogo, ukikoroga. Ukipitisha mwiko, njia ibaki wazi na chini ya sufuria paonekane kidogo kabla rojo halijajifunga. Ipoe, ndipo upime: gramu 250 kwa gramu 180 za unga wa ngano, 50 za kakao, 200 za sukari, mayai 3, mafuta mililita 150, beking pauda vijiko 2 vya chai na chumvi kidogo. Chombo cha sentimita 22, oveni nyuzi 180, dakika 45 hadi 50. Kijiti chomeka katikati. Pembeni huiva mapema siku zote, hapo hujapima kitu.

Mbona haikuwa nyekundu? Nilitia magadi soda ili iumuke vizuri.

Umejijibu. Rangi ya bitiruti haivumilii magadi, wala moto wa muda mrefu. Kijiko cha chai cha maji ya ndimu kwenye rojo husaidia, tena hupunguza ile harufu ya udongo. Ila keki yenye kakao nyingi hivyo ikitoka nyekundu ya kung'aa, jua kuna rangi ya chupa humo.

Kakao ya kunywa, ile yenye sukari na maziwa, inafaa?

Hapana. Soma kopo.

Naweza kuondoa mafuta yote nikaweka boga?

Nusu tu. Mafuta ndiyo yanayozuia unga usivutike kama mpira, na boga halina mafuta, lina maji. Ukikaidi utakula kitu kama chapati ya juzi. Kiazi kitamu kina maji machache kuliko boga na utamu wake mwenyewe, kwa hiyo punguza sukari gramu 30. Na unga ukishaingia, acha kukoroga mara tu usipouona.

Brauni za maharage bila unga, zinawezekana?

Zinawezekana, na ni nzuri. Maharage yaliyoiva gramu 400, mayai 3, kakao gramu 40, sukari 120, mafuta mililita 60, beking pauda nusu kijiko cha chai. Saga mpaka ukisugua rojo kati ya vidole usisikie ganda hata moja; wengi huishia njiani, halafu wanalalamika ni chengachenga. Chombo cha mraba cha sentimita 20, nyuzi 180, dakika 25.

Maharage yasiwe yale ya jana yenye kitunguu. Na yasiwe nusu mabichi: maharage mekundu yana sumu inayotapisha na kuharisha, na oveni haitakusaidia, maana katikati ya keki hapafiki hata joto la maji yanayochemka. Loweka saa 5 au zaidi, mwaga maji, chemsha kwa moto mkali dakika 10 kamili, ndipo upunguze moto mpaka yaive.

Mwanangu wa miaka 4 hagusi mboga. Keki hii itatosha?

Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa umri huo apate angalau gramu 250 za mboga na matunda kwa siku. Hiyo ndiyo bitiruti yote ya keki ya hapo juu. Ikate vipande 12, kila kimoja kina gramu 21 na sukari gramu 17. Mboga humu kazi yake ni kuilainisha keki. Sahani ya mtoto bado inakudai. Mkojo wake ukiwa mwekundu kesho yake, kumbuka bitiruti kabla hujakimbilia zahanati. Na watoto wa wenzenu msiwafiche kilichomo, wapo wanaodhurika na vyakula fulani.

Nimetia mchicha, keki inanuka majani. Nifanyeje?

Mchicha uunge kwa nazi, ule na ugali.